Meli Ilikuwa ya Bluu

"Siyo nyeusi hiyo," Bibi alisema, akaisukuma miwani yake juu ya pua. "Ilikuwa ya bluu. Bluu iliyoiva, kama wino. Na hapa ubavuni ilikuwa na mstari wa dhahabu, umeizunguka yote."

Tulikuwa sebuleni kwake Ilala, Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kompyuta nimeiweka juu ya stuli, feni inazunguka, na kwenye kioo inapita filamu fupi ya habari ya mwaka 1956, nyeusi na nyeupe, ya ziara ya Binti Mfalme Margaret katika Afrika Mashariki. Mdogo wake Malkia Elizabeth huyo; mwaka ule alikuwa na umri wa miaka 26. Mimi nilishaitazama filamu ile labda mara ishirini. Meli niliyokuwa nikiiona ni nyeusi, na haikunipitia akilini kwamba ingeweza kuwa na rangi nyingine.

Usiku nikaenda kutafuta. Britannia, meli ya ukoo wa kifalme wa Uingereza, ilishushwa majini huko Clydebank, Scotland, mwezi Aprili 1953. Mwili wake ni bluu iliyokolea. Mstari uliouzunguka ni wa dhahabu ya kweli, ile ya karatasi nyembamba inayobandikwa. Ilistaafishwa mwaka 1997 na hadi leo imefungwa Leith, pembeni ya jiji la Edinburgh, watu wanalipa kiingilio kuitembelea. Bibi hajawahi kufika Scotland. Aliiona meli ile alipokuwa na miaka kumi, amesimama juani pale Kivukoni na kibendera cha karatasi mkononi, na kwa miaka karibu 70 ameitunza rangi yake kichwani bila ya picha yoyote kumsaidia.

Tangu siku ile siitazami tena filamu hii peke yangu.

Nieleze kwanza ziara yenyewe. Septemba 1956 Binti Mfalme alifika Mombasa, akapanda Britannia, na katika wiki zilizofuata akapita Mauritius, Unguja na Dar es Salaam, kisha akaingia bara. Unguja alikuwapo Sultani Khalifa bin Harub, mzee aliyekuwa amekalia kiti tangu mwaka 1911. Tanganyika gavana alikuwa Edward Twining, mtu wa umbo kubwa ambaye huna haja ya kuoneshwa yuko wapi kwenye picha. Hapa Dar es Salaam mgeni alikuwa na shughuli mbili ambazo mji unaishi nazo mpaka leo. Alifungua magati mapya ya kina kirefu bandarini, na hospitali kubwa mpya ikapewa jina lake, Princess Margaret. Hospitali hiyo ndiyo Muhimbili. Nimezaliwa pale, na ndugu zangu wote wamezaliwa pale.

Lakini la magati ndilo linalonishika.

Anayekwenda Feri leo na kuona meli za makontena zikiingia kwenye lango lile jembamba baina ya Magogoni na Kigamboni, zikipita karibu kiasi cha kuwaona mabaharia nyuso zao, atadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote: meli inaingia, inafungwa gatini, kreni zinashusha. Sivyo. Kwa miongo mingi meli kubwa zilitia nanga katikati ya bandari, na mzigo ulishushwa kwenye matishali, yale majahazi ya chuma yasiyo na injini, yakakokotwa na boti hadi ufukweni, na hapo ukashushwa mara ya pili. Kila gunia lilibebwa mara mbili. Baada ya vita kuu ya pili bandari ikaelemewa. Ulikuja ule mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukaleta matrekta na mashine kabla hata ya nchi kuwa na mahali pa kuzishushia, ukafa mwaka 1951. Wakati huo huo katani ilikuwa ikitoka mashambani kwa maelfu ya tani, maana katani ndiyo iliyokuwa ikiilisha Tanganyika. Magati matatu yaliyofunguliwa mwaka 1956 yalikuwa jawabu la msongamano huo. Matishali hayakufa siku ile. Yaliendelea kufanya kazi kwa miaka mingi. Lakini kwa mara ya kwanza meli kubwa iliweza kuegeshwa, na kuli akaweza kuipanda kwa ngazi kutoka nchi kavu.

Filamu haisemi hata moja kati ya haya. Inaonesha utepe, glovu nyeupe, kofia, gavana, wanajeshi waliojipanga, umati, bendera, meli. Msimulizi anazungumza Kiingereza cha haraka, cha uchangamfu, na kila aliye jukwaani anamtaja kwa cheo chake. Nyuma yake inapigwa muziki wa bendi.

Inafaa kujua jinsi vipande hivi vilivyotengenezwa, kwa sababu ukishajua unavitazama kwa macho mengine. Zama zile kabla televisheni haijaenea, Waingereza walikuwa wakiona habari sinema, kabla ya picha kubwa kuanza, na vipande vipya vilitoka mara mbili kwa wiki. Mpiga picha alirekodi kwa filamu ya milimita 35, mara nyingi bila sauti kabisa. Makopo yakapakiwa kwenye ndege hadi London. Huko filamu ikasafishwa, ikakatwa, ikapewa maneno, ikapewa muziki, na kelele za umati zikatolewa ghalani, maana kampuni hizo zilikuwa na akiba ya sauti za watu wakishangilia. Mwaka 2014 British Pathé waliweka filamu zao 85,000 kwenye YouTube, na ndipo vijana kama mimi tulipoanza kukutana na babu na bibi zetu kwenye simu zetu, bila kutarajia.

Kwa hiyo shangwe unayoisikia juu ya picha ya Kivukoni huenda ni shangwe ya uwanja fulani wa mpira kule Uingereza. Bibi aliligundua hilo kabla sijamweleza lolote.

"Hawa wanapiga kelele gani?" aliuliza. "Mbona vigelegele havimo?"

Nikamwambia pengine hawakurekodi sauti.

"Mama zetu walipiga vigelegele siku ile mpaka masikio yakaziba. Na ngoma zilikuwepo. Wewe zima hiyo sauti, inanichanganya."

Nikazima. Tukaanza upya kimya kimya, yeye akawa ndiye msimulizi.

Kuna kipande cha kama sekunde sita ambapo kamera inapita mbele ya safu ya wanawake, wamevaa khanga sare. Niliwahi kukiruka mara nyingi. Bibi alinisimamisha hapo akasema usare ule haukuwa jambo dogo: wanawake wa mji walikuwa na vyama vyao vya ngoma, vya lelemama na vinginevyo, kila chama na viongozi wake, michango yake, mavazi yake na washindani wake. Ukivaa sare unatangaza uko upande gani. Nami nikakumbuka niliyokuwa nimeyasoma, kwamba ni kwenye vyama vya namna hii hii Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kundi la ngoma la Bomba, alikopita tangu mwaka 1955 kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, kikundi kwa kikundi, nyumba kwa nyumba. TANU ilikuwa na umri wa miaka miwili tu mgeni alipoteremka. Mwalimu Nyerere alishakwenda New York mwaka 1955 kuueleza Umoja wa Mataifa kwamba nchi hii ni ya udhamini, iko chini ya uangalizi wa Umoja huo, na siyo koloni, na kwamba watu wake watataka kujitawala.

Sasa rudi uwatazame wanawake wale kwenye picha. Wameng'aa, wanacheka, wanapunga mikono. Walikuwa wanamshangilia binti mfalme? Nadhani ndiyo, na kwa moyo mweupe, kwa sababu mgeni ni mgeni na ngoma ni ngoma. Na baadhi yao kadi ya TANU labda ilikuwa imefungwa kwenye pindo la khanga ile ile. Watu wa kwetu waliweza kuyabeba yote mawili siku moja. Filamu ikaona cheko peke yake, na miaka mitano baadaye, usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, kamera zikarudi tena kumpiga picha mgeni mwingine wa kifalme, Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, akishuhudia bendera ya Uingereza ikishuka. Wanawake walikuwa wale wale.

Nimefika kwa makuli, na hapa nitakaa.

Baba yake Bibi alikuwa kuli. Mimi sikumkuta, alifariki kabla sijazaliwa. Kilichobaki kwake ni kulabu. Bibi ameihifadhi kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti na shuka za msiba, imefungwa kitambaa. Siku ile alinipa niishike. Mpini wake ni wa mti mgumu uliokaa kama yai lililolazwa, unaingia kiganjani na kujaa, na mahali vidole vinaposhika mti umelika mabonde manne madogo, unang'aa kwa mafuta ya mkono. Chuma kinatokea katikati ya mpini, baina ya kidole cha shahada na kinachofuata, kimepinda kama mkia wa nge. Ncha imenolewa ikapungua. Nilipoishika, vidole vyangu havikukaa kwenye mabonde yale. Mkono wake ulikuwa mpana kuliko wangu.

"Hii ya marobota ya katani," Bibi alisema. "Sukari na unga haviguswi na kulabu. Gunia likitoboka unakatwa mshahara. Katani ndiyo unaipiga hivi" akaonesha, mkono ukashuka kwa ghafla na kurudi, mzee wa karibu miaka 80, nikaona kwamba amemwona baba yake akifanya vile mara nyingi.

Alikuwa kibarua. Asubuhi unakwenda getini, ukichaguliwa umepata, usipochaguliwa unarudi mtaani kwako, Gerezani, kwa miguu na kulabu yako. Watu hawa ndio waliogoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943, na mwezi Septemba 1947 wakagoma kwa namna ambayo serikali haikuitegemea: mgomo ukatoka bandarini ukapanda reli ukaenda nayo bara. Februari 1950 waligoma mara nyingine. Safari hii ukageuka kuwa mapambano na polisi, na chama chao kikafutwa. Bibi alikuwa mtoto wa miaka minne. Anachokumbuka ni kwamba milango ilifungwa mchana na mama yake akawalaza chini ya kitanda.

Miaka sita baadaye watu hao hao wamesimama kwenye filamu, nyuma ya jukwaa, karibu na kreni. Hawakutajwa. Msimulizi anayewajua hata wake wa maofisa hana neno juu yao. Gati limepambwa, limepewa jina la mgeni, na wanaume ambao tangu kesho yake watalifanyia kazi wanaonekana kwa muda usiozidi sekunde tatu, kamera inapogeuka kutoka melini kwenda jukwaani. Haikukusudia kuwapiga. Iliwapitia tu, kwa kuwa walikuwa njiani.

Sekunde tatu ni picha 72. Nimezipitia moja moja.

Katika ya thelathini na kitu yupo mwanamume wa makamo, kofia ya kushona, shati limechomekwa, na kiunoni kitu kimening'inia. Bibi aliponiambia nisimamishe, kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye kioo.

"Huyu anasimama kama baba."

Sikusema kitu.

"Baba alikuwa na goti bovu, tishali lilimbana. Alikuwa akisimama anaupumzisha mguu mmoja. Miguu yake hatuioni?"

Hatuioni. Mbele yao kuna kamba na migongo ya maofisa. Nikaipeleka picha mbele, moja, nyingine, nyingine, na kwenye ya sabini na mbili kamera imeshafika kwa mwenye glovu nyeupe.

"Mbona wamemkata?" Bibi aliuliza, na niliona haulizi kwa hasira. Alikuwa anauliza kama mtu ambaye amekatizwa maneno.

Kuna watu wananiambia filamu hizi ni za kuchukiza, ni propaganda ya wakoloni, zifungiwe. Ninawaelewa. Wiki zile zile ambazo Binti Mfalme alikuwa akipunga mkono Afrika Mashariki, Kenya ilikuwa katika hali ya hatari tangu Oktoba 1952, watu maelfu wakiwa kizuizini, na tarehe 21 Oktoba 1956 ndipo Dedan Kimathi alipopigwa risasi na kukamatwa. Huwezi kuijua habari hiyo kwa kutazama kofia na bendera. Mombasa nako, bandari iliyokuwa imegoma mwezi Machi 1955 hadi Tom Mboya akaingia kati kusuluhisha, ilipambwa kama bibi harusi. Zile pembe za ndovu zilizovuka barabara ya Kilindini, ambayo siku hizi ni Moi Avenue, zinatokana na ziara hizi za kifalme za miaka ya hamsini. Na tukizitaja pembe, tukumbuke kuwa Mombasa ilishawahi kumngoja mgeni asifike. Februari 1952 meli Gothic ilikuwa imekaa tayari Kilindini kumchukua Elizabeth kwa safari ya Australia, na tarehe 6 baba yake akafa, naye akarudishwa kwao kwa ndege kupitia Entebbe. Mji mzima umevaa, mgeni kaondoka kwa mlango wa nyuma akiwa Malkia.

Kwa hiyo ndiyo, filamu hizi zilitengenezwa ili wenye ufalme wajione. Hata hivyo mimi sikubali zifungiwe, na sababu yangu ni ile picha ya thelathini na kitu. Familia zetu hazikuwa na kamera. Makuli wa Dar es Salaam hawana albamu. Mtu kama baba yake Bibi alipigwa picha labda mara moja maishani, ya kipande cha kazi, uso mkavu, namba kifuani. Akitembea, akicheka, akiuegemeza mguu mbovu, picha hiyo kama ipo basi ipo kwenye makopo ya wenzetu, imetokea kwa bahati, pembeni ya mgeni. Tukiitupa filamu kwa sababu ya aliye katikati tunawatupa pia walio pembeni, na hao ni wetu.

Kinachoniuma ni kwamba muda unakwisha. Filamu haiendi kokote. Imehifadhiwa vizuri, kwenye baridi, na ukitaka nakala safi unalipia kwa sekunde. Nilipoomba bei ya kipande kile cha sekunde tatu niliambiwa kuna kiwango cha chini cha sekunde ambacho ni lazima ninunue, na kiwango hicho ni zaidi ya mshahara wangu wa mwezi. Niliandika pia kwa ofisi moja ya hapa nyumbani kuuliza kama wana nakala; mwaka umepita, sijajibiwa. Haya yanaweza kusubiri. Wasioweza kusubiri ni waliosimama Kivukoni wakiwa na miaka kumi. Aliyekuwa na miaka kumi siku ile anakaribia 80. Aliyekuwa na ishirini, mwenye kumjua kila mtu getini kwa jina na kwa lakabu, tumebaki nao wangapi?

Tofauti na siku hizi ni kubwa. Novemba 2023 Mfalme Charles alipofika Mombasa, Fort Jesus pamejaa simu juu. Kila aliyekuwepo ana ziara yake mwenyewe mfukoni, kaipiga kutoka alipokuwa kasimama, na sauti ya jirani yake imo. Mwaka 1956 kamera ilikuwa upande mmoja tu.

Sasa tunafanya hivi. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi ninakwenda kwa Bibi na kompyuta, na simu ya pili kwa ajili ya kurekodi sauti. Sauti ya msimulizi tunaizima. Ninasimamisha picha kila mahali ambapo kuna sura ya mtu, au chombo, au jengo, na ninanyamaza. Nimejifunza kunyamaza kwa muda mrefu kuliko ninavyotaka. Jina mara nyingi linakuja baada ya dakika nzima, mzee ameshahamia kwenye habari nyingine. Siulizi "unamkumbuka binti mfalme?" Ukiuliza hivyo unapata majibu ya heshima. Ninauliza: chakula mlikula saa ngapi siku ile? Viatu ulivaa? Kibendera ulikipeleka wapi baadaye? (Cha Bibi kilikaa kwenye ukuta wa udongo mpaka mvua za masika zikakinyeshea.) Ukiwa na mzee Kurasini, Gerezani, Mji Mkongwe, Likoni au Old Town, jaribu. Filamu zipo, ni za bure kutazama, na bando la data halifiki bei ya soda mbili.

Wamekuja na wengine. Mama mmoja wa Kariakoo aliwatambua wawili kati ya wale wenye khanga sare, mmoja alikuwa shangazi yake, akalia, akataka tumpigie binamu yake Muscat saa ile ile aione. Mzee mwingine alitusahihisha jina la boti inayokokota tishali, kisha akabishana na Bibi nusu saa nzima juu ya rangi ya bomba la meli. Bibi anasema njano. Yeye anasema maziwa yaliyotiwa chai. Nimeangalia: wote wawili wako karibu.

Na juzi Bibi kanipigia. Kuna mzee wa Mtoni, aliwahi kuendesha winchi magati yale yale tangu yakiwa mapya, kasikia habari zetu msikitini. Anasema makuli wa zamu ile aliwajua wote, na wa kofia ya kushona karibu na kreni akimwona hatakosea. Macho yake yamefanyiwa upasuaji mwezi uliopita na daktari kamwambia angoje kidogo kabla ya kutazama vioo vya mwanga. Tumekubaliana Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao. Bibi ameshaitoa kulabu sandukuni.